Usidanganywe na namba kubwa: Hivi ndivyo utakavyochagua darubini ya kuonea alfajiri na jioni

IKIWA unajiandaa kuwa mwelekezi wa watalii, au umeanza kupenda kutazama ndege, huenda darubini ndiyo kifaa cha kwanza cha maana utakachonunua kwa pesa zako mwenyewe. Na hapo ndipo vijana wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ukiwa dukani saa saba mchana, darubini ndogo ya kutia mfukoni na ile kubwa ya kuvaa shingoni zote zinaonyesha picha ang'avu. Muuzaji anakuambia hii ndogo inavuta mara 10, ile kubwa mara 8 tu, tena hii ni nafuu. Unalipa, unashukuru, unaenda zako.

Shida inakuja siku ya kazi. Ni saa kumi na mbili asubuhi, lango la mbuga ndilo limefunguliwa, na mgeni wako anaona kitu juu ya mti. Anakuuliza, yule ni chui au ni tawi? Unainua darubini yako na kuona weusi mtupu.

Simba, fisi na chui hupenda kutembea jua likiwa bado halijapanda au likishazama. Na huku kwetu karibu na ikweta, giza halibishi hodi. Jua likishatua, una takriban dakika 20 tu za mwanga hafifu kabla ya usiku kuingia. Dakika hizo ndizo mgeni atakazosimulia akirudi kwao, na ndizo zitakazoamua kama atakutafuta tena.

Gawanya, usizidishe

Kila darubini ina namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni mara ngapi inavuta: mnyama aliye mita 80 anaonekana kama yuko mita 10. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita, yaani ukubwa wa mlango wa kuingizia mwanga.

Sasa chukua ya pili ugawanye kwa ya kwanza. 42 gawanya kwa 8 unapata 5.25. Hicho ndicho kipimo, kwa milimita, cha duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni mwako. Ukishika darubini mbali kidogo na uso na kuielekeza kwenye mwanga, utaliona duara hilo kwenye kila lenzi ya nyuma.

Mboni ya jicho lako nayo hupanuka na kusinyaa. Mchana wa jua kali inabaki milimita 2 au 3 tu, na gizani mboni ya kijana inaweza kufika 7. Mtu akizeeka haipanuki sana. Wengi hubaki na kama 5.

Hapo ndipo siri ya duka ilipo. Darubini ya 10x25 ina duara la milimita 2.5. Mchana linatosha mboni yako, ndiyo maana huoni tofauti. Alfajiri mboni imepanuka inataka mwanga zaidi, lakini darubini haina wa kukupa. Ile ya 8x42 wakati huo inakupa mwanga zaidi ya mara nne.

Wawindaji wa Ujerumani wanaovizia nguruwe mwitu usiku waliitambua hesabu hii zamani. Kwao 8x56 ni chaguo la jadi, kwa sababu inatoa milimita 7 kamili. Mabaharia nao wanapenda 7x50 kwa sababu hiyo hiyo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama kama mchezo mwaka wa 1977, kwa hivyo kwetu anayewavizia kihalali ni mwenye darubini au kamera, lakini hesabu ni moja.

Mbona basi usinunue 8x56 moja kwa moja? Uzito. Darubini kubwa hukaribia au kuzidi kilo moja, na utaivaa shingoni kutwa nzima. Kwa kijana anayeanza, 8x42 ndiyo ya katikati: inaona vizuri alfajiri, haichoshi shingo, na haitetemeki sana mkononi.

Ile ya 10x42 inavuta zaidi, lakini duara lake ni milimita 4.2, eneo unaloona ni finyu zaidi, na kila mtetemo wa mkono unaonekana mara 10. Inafaa nyika wazi mchana. Ndani ya msitu wenye kivuli kama Kakamega au Arabuko-Sokoke, 8x42 itakufaa zaidi.

Kioo chenyewe

Darubini mbili za 8x42 zinaweza kutofautiana sana. Mwanga ukigonga kioo kisichopakwa dawa, karibu asilimia 4 hurudi nyuma. Ndani ya darubini mwanga hupita nyuso nyingi za vioo. Zikiwa 10 ambazo hazijapakwa, umepoteza thuluthi moja ya mwanga kabla haujafika jichoni.

Ndiyo maana unatakiwa kutafuta maneno "fully multi-coated" kwenye boksi. Maana yake ni kwamba kila uso wa kioo unaokutana na hewa umepakwa dawa tabaka kadhaa. Likiandikwa "coated" peke yake, jua huenda ni uso mmoja tu uliopakwa.

Angalia pia lile duara la nyuma. Likiwa mviringo safi, vioo vya ndani ni vya aina nzuri, mara nyingi huitwa BaK-4. Likiwa na kingo za kijivu kama limekatwa pembeni, kuna mwanga unaopotea.

Mitego ya sokoni

Kwanza, lenzi nyekundu zinazometameta. Zinavutia macho, lakini wekundu unaouona ni mwanga unaorudishwa badala ya kuingia. Picha hubaki ya kijani-samawati na hafifu.

Pili, darubini inayodai kuona usiku ilhali haina betri. Kioo cha kawaida hakiwezi kuongeza mwanga ambao haupo. Vifaa vya kweli vya kuonea usiku hutumia umeme.

Tatu, darubini ya kuvuta kwa kubadilisha, mathalani mara 10 hadi 30. Ukifika 30, lenzi ya milimita 50 inakupa duara la 1.7 tu. Jioni hiyo ni sawa na kufumba macho.

Kabla hujatoa pesa

Nenda dukani jioni ikiwezekana. Kama ni mchana, chungulia mahali penye giza: chini ya rafu, ndani ya kichochoro, kwenye kivuli cha mti. Jaribu kusoma maandishi madogo hapo, kisha ujaribu na darubini nyingine.

Kama ni ya mitumba, tazama mlingoti wa mbali. Ukiona miwili, au macho yakianza kuuma, vioo vimehama na hiyo iache. Mulika tochi ndani uone kama kuna ukungu au utando wa kuvu.

Ukivaa miwani, hakikisha unaona picha nzima bila kuivua. Na kama utafanya kazi kwenye mvua na umande, chagua isiyoingiza maji, iliyojazwa gesi ya nitrojeni ili isishike mvuke ndani.

Huna pesa bado? Usikimbilie ya bei rahisi ili tu uwe nayo. Ukiwa Nairobi, Nature Kenya huwa na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Makavazi ya Kitaifa. Hapo utakutana na watu wenye darubini za kila aina. Omba kuchungulia, uliza bei, linganisha.

Na kama unalenga mtihani wa ngazi ya shaba wa KPSGA, chama cha waelekezi wa safari, anza kuwajua ndege na wanyama sasa hivi kwa macho yako na kitabu. Darubini ukiipata itakuonyesha tu. Kumtaja mnyama kwa jina bado ni kazi yako.