Sauti Mbili za Ngoma, Herufi Chache za Vim

Ukishuka Mto Kongo kutoka Kisangani kwenda Yanonge, unapita vijiji vya Walokele, ambao ngoma yao ya gogo ilivusha habari za misiba na mikutano kutoka ukingo hadi ukingo. Gogo huchimbwa ndani kupitia ufa mwembamba, na lina sauti mbili tu: ya juu na ya chini. Kilokele ni lugha ya toni, hivyo mpigaji hufuata toni za maneno na kuziacha konsonanti na irabu zote. Hapo linazuka tatizo: neno la mwezi na neno la kuku yana toni zilezile. Kwa hiyo mwezi haupigwi peke yake. Hupigwa mwezi unaoitazama dunia kutoka juu, na kuku huwa yule mdogo aliaye kiokio.

John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyeishi Yakusu, kati ya Kisangani na Yanonge, alikadiria kuwa neno moja la kinywa hudai karibu maneno 8 ya ngoma. Kitabu chake kuhusu ngoma hizo kilitoka 1949. Mwaka mmoja kabla, Claude Shannon wa Marekani alikuwa amechapisha hesabu inayoeleza wapigaji walichokuwa wakifanya siku zote: palipo na kelele, ziada ndiyo inayookoa ujumbe.

Mwaka 1976, Bill Joy, mwanafunzi wa Berkeley, California, alikabili njia nyembamba pia. Modemu yake ilipitisha herufi kama 30 kwa sekunde, na kioo cha mistari 24 yenye herufi 80 kilibeba herufi 1,920. Kukichora upya chote kulichukua zaidi ya dakika moja. Lakini msikilizaji wake alikuwa kompyuta, ambayo haichanganyi mwezi na kuku. Ziada haikuhitajika, kwa hiyo alifupisha. Kihariri chake, vi, kinaendeshwa kwa kibodi tupu: herufi d hufuta, c hubadili, y hunakili, w ni neno, na alama } ni hadi mwisho wa aya. Basi dw hufuta neno, y} hunakili hadi mwisho wa aya. Anayejua vitendo 3 na vitu 4 anajua maagizo 12, na kitendo kimoja kipya humpa mengine 4. Anayeanza hukerwa, kwa sababu herufi haziandiki mpaka abonyeze i. Naamini kero hiyo inalipa.

Chukua daftari la mpunga unaopakiwa Yanonge kwenda Kisangani, lililoingizwa kwenye kompyuta na watu watatu: mmoja kaandika yanonge, mwingine YANONGE, wa tatu kaacha mistari mitupu kila mahali. Katika Vim, mrithi wa vi, agizo :%s/yanonge/Yanonge/gi linasahihisha faili zima: alama % ni mistari yote, g ni kila mahali katika mstari, i ni kutojali herufi kubwa na ndogo. Agizo :g/^$/d linafuta mistari mitupu. :sort u hupanga na kuondoa marudio, ila hapa mwenye daftari awe macho, maana mistari miwili inayofanana inaweza kuwa mizigo miwili ya kweli. Herufi u hurudisha kilichofutwa. Na kama bei imeandikwa kabla ya jina katika kila mstari, bonyeza qa, panga mstari mmoja unavyotaka, shuka kwenye mstari wa pili, bonyeza q. Kisha 200@a: mashine inarudia kazi hiyo mara 200.

Wengi leo hutumia Vim hiyo, iliyotolewa 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Mwaka 1994 alijitolea mwaka mzima katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania, eneo ambako UKIMWI uliacha yatima wengi. Tangu hapo Vim ikabaki ya bure, na anayeipenda akaombwa kuchangia watoto hao; ombi lenyewe hutokea programu inapofunguliwa bila faili. Moolenaar alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na toleo la 9.1, la Januari 2024, lilitolewa kwa kumbukumbu yake.

Vim kamili huja na somo lake. Andika vimtutor kwenye dirisha la maagizo. Huchukua kama nusu saa, hufanyika kwa mikono yako mwenyewe, na halihitaji intaneti hata kidogo.