Diski na Kumbukumbu: Kupunguza Ukubwa wa Mfumo Endeshi katika Kompyuta Kuukuu

Sehemu hii inafafanua kosa ambalo mtafiti mwenyewe alilitenda katika majaribio ya awali. Katika kompyuta kuukuu yenye kumbukumbu ya megabaiti 512, alifuta programu za ofisi, miongozo na tafsiri za lugha zisizohitajika. Nafasi kubwa ilipatikana diskini, lakini kumbukumbu iliyotumika haikupungua, na kompyuta iliendelea kukwama vilevile.

Sababu yake imo katika utendaji wa kiini cha Linux. Programu iliyohifadhiwa diskini haichukui kumbukumbu hadi iendeshwe, na hata hapo kiini hupakia zile kurasa zinazohitajika tu, ambazo kwa kawaida kila moja ina kilobaiti 4. Kinachokula kumbukumbu ni huduma zinazoanzishwa pamoja na mashine, kama vile ya uchapishaji na ya kuorodhesha mafaili, na zaidi ya zote mazingira ya eneokazi. Kusimamisha huduma moja isiyotumika kuna manufaa kuliko kufuta programu kumi zilizolala.

Kipimo nacho hupotosha. Linux hutumia kumbukumbu iliyo wazi kuhifadhia nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, kisha huiachia programu inapoihitaji. Anayesoma safu ya kumbukumbu huru peke yake atadhani mashine imeelemewa ilhali sivyo. Ndiyo maana toleo la 3.14, la mwaka 2014, liliongeza kipimo cha MemAvailable, kinachokadiria kiasi kinachoweza kupatikana bila kuhamishia kurasa diskini. Utafiti huu unatumia kipimo hicho. Majedwali ya awali yameondolewa.

Katika toleo hilohilo zram ilihitimu kutoka eneo la majaribio la kiini. Hii ni diski ya kubuni iliyomo ndani ya kumbukumbu, ambamo kurasa zisizoguswa hubanwa badala ya kupelekwa kwenye diski halisi. Gharama humwangukia kichakataji. Hata hivyo, diski ya kuzunguka huchukua milisekunde kadhaa kufikia data, muda ambao hata kichakataji cha zamani huweza kufungua kurasa nyingi.

Upande wa diski, SquashFS hubana mfumo mzima ndani ya faili moja la kusomwa tu. Hapa pana mtego: Puppy Linux hunakili faili hilo kwenye kumbukumbu ikiona inatosha, hivyo kilichookolewa diskini hulipwa kwingine. Katika mashine za utafiti huu, unakili huo umezuiwa.