MOTERI INAYOTETEMEKA NA KICHWA KINACHOUMA



Mara nyingi tunakusemesha hapa juu ya kofia, viatu na vumbi la mine. Leo tutakufuata nyumbani, siku ya mapumziko, pale unapofungua mfuniko wa moteri ya motokari yako na kuanza kutafuta sababu gani haitulii.

Katika msimu wa mvua, mwenzetu mmoja wa hapa Luano aliletwa dispansere saa za mangaribi. Kichwa kilimuuma sana, alikuwa ametapika mara mbili, na miguu haikumshika. Mimi, kama wengi wetu, niliwaza palu. Nilimtia kidoleni kile chombo kidogo cha kupima oksijeni ya damu, kikaonyesha 98. Nikatulia. Nilikuwa nikitayarisha kumchoma kidole ili nipime malaria, ndipo bibi yake akasema: «Munganga, tangu mchana alikuwa ndani ya garaje na Datsun yake, moteri inatumika, mlango ameufunga juu ya mvua.» Hapo nilifahamu kwamba nilikuwa karibu kukosea.

Ile haikuwa palu. Ilikuwa sumu ya moshi wa motokari, ile waganga wanayoiandika CO. Haina rangi wala harufu. Inaingia katika damu na kushika pahali pa oksijeni, maana damu inaipenda zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Na kile chombo cha kidoleni kinadanganywa: kinaona damu nyekundu na kuhesabu sumu kama oksijeni. Ile 98 haikuwa na maana yoyote. Tulimpa oksijeni kwa maski. Kwa hewa ya kawaida tu, nusu ya sumu hukaa katika damu masaa 4 mpaka 6 hivi; kwa oksijeni safi ya maski, nusu hiyo inatoka kwa saa moja na nusu hivi. Usiku ule alianza kutuuliza habari za motokari yake, nikajua amepona.

Sasa, alikuwa akitafuta nini masaa yote yale?

Motokari yake ni Datsun 240Z, ya mbio, yenye umri wa zaidi ya miaka 50. Wazee wanaikumbuka: ndiyo iliyoshinda Safari Rally ya Kenya mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Moteri ina silinda 6 na kabureta 2. Kabureta ya mbele inalisha silinda 1, 2 na 3. Ya nyuma inalisha 4, 5 na 6. Ugonjwa wake ulikuwa huu: katika ralanti, ni kusema ule mwendo mdogo wa moteri wakati motokari imesimama, ilitetemeka kama mtu wa homa. Ukikanyaga esansi, inakohoa kwanza, kisha inakwenda.

Ndugu yetu alifanya kama wengi wanavyofanya: alishika bisibisi na kuanza kuzungusha visi vya kabureta, kimoja baada ya kingine. Huko ni kumpa mgonjwa dawa kabla ya kumpima. Baada ya saa moja hukumbuki tena kisi kilikuwa wapi, na sasa una magonjwa mawili.

Anza hivi. Sukuma motokari nje, pahali penye upepo. Acha moteri ipate moto kabisa, maana moteri baridi haisemi kweli. Funga mikono ya shati, ondoa kitambaa cha shingo, na uangalie feni: katika motokari hizi inazungushwa na mkanda wa moteri, haina huruma na vidole. Kisha, moteri ikiwa katika ralanti, ng'oa waya wa buji moja moja na uurudishe. Tumia koleo yenye mpira mzuri wala si mkono mtupu, kwa sababu umeme wa buji unapita volti 10,000. Mwenye chombo cha umeme katika moyo asiguse kazi hii kabisa. Na usiache waya wazi kwa muda mrefu.

Sikiliza. Ukiondoa waya na moteri inaanguka zaidi, silinda ile ilikuwa nzima, ilikuwa inavuta kazi. Ukiondoa na hakuna kinachobadilika, umemkuta mvivu. Kama mvivu ni mmoja, tazama buji yake, waya wake, na nafasi ya valvu zake. Kama wavivu ni watatu wa upande mmoja, 1, 2, 3 au 4, 5, 6, acha buji, nenda kwenye kabureta inayowalisha. Na kama leo ni huyu, kesho ni yule, bila mpango, tazama deliko: platini zilizoungua, au mhimili wake unaocheza.

Kisha zima moteri, ngoja ipoe, toa buji na uzipange chini kwa nambari zake. Munganga anatazama ulimi, makanisie anatazama buji. Rangi ya udongo ni afya. Nyeusi na kavu kama masizi, esansi inazidi. Nyeupe, hewa inazidi. Nyeusi na yenye mafuta, mafuta ya moteri yanapanda, na hapo hakuna kisi kitakachokusaidia.

Buji nyeupe mara nyingi ni pepo inayoingia kwa mlango wa wizi: tuyo ya mpira iliyopasuka, ile ya breki hasa, au jointi chini ya kabureta. Watu wanatafuta ufa huo kwa kunyunyiza esansi juu ya moteri yenye moto. Nimekwisha kufunga mikono iliyoungua namna hiyo, na sitaki kufunga yako. Tumia maji kidogo: dondosha penye jointi, na kama ralanti inabadilika mara moja, ufa ni pale.

Kuna pia esansi yenyewe. Ile ya bido ya kadhafi, kando ya barabara, wakati mwingine ina maji. Mimina kidogo katika chupa nyeupe na uache dakika 10. Maji yatakaa chini. Lakini usivute esansi kwa kinywa katika tuyo. Tone likiingia katika mapafu linaleta ugonjwa mkali wa kifua. Aliyeimeza asitapishwe kwa nguvu, aletwe hospitali.

Kwa kabureta mbili, makanisie wa zamani wana njia nzuri. Wanatwaa kipande cha tuyo ya mpira, mwisho mmoja kwa sikio, mwisho wa pili kwa mdomo wa kabureta, na kusikiliza sauti ya pepo. Sauti mbili zikilingana, kabureta zinavuta sawa. Mimi, ninayesikiliza vifua kila siku, napenda sana njia hiyo. Lakini ndiyo iliyomwangusha ndugu yetu: alisimama nusu saa nzima ameinamia moteri, katika garaje iliyofungwa, akisikiliza.

Na kuna neno moja la hapa kwetu. Luano iko karibu metre 1,300 juu ya bahari. Hewa hapa ni nyepesi, pungufu kwa zaidi ya sehemu 1 katika 10 kuliko ya pwani. Kabureta iliyopangwa kwa pwani itamwaga esansi nyingi kuliko hewa inayopatikana. Esansi isiyopata hewa ya kutosha haiungui vizuri, na kisichoungua vizuri kinatoka kama CO. Moshi wa kabureta namna hiyo unaweza kuwa na CO 5 kwa mia, tena zaidi. Hewa yenye CO 1 kwa mia tu inamzimisha mtu kwa dakika chache. Motokari mpya zina chombo cha kuchuja sumu katika bomba la moshi. Hizi za zamani hazina. Kwa hiyo moteri yenye ralanti mbaya ndiyo yenye sumu nyingi, na ndiyo unayotaka kukaa nayo muda mrefu. Kufungua dirisha moja hakutoshi. (Jenereta ya usiku katika baraza ni vilevile.)

Ukimkuta mtu ameanguka garajeni, usikimbilie ndani na kuinama kumwamsha. Wengi wamekufa wawili hivyo. Vuta pumzi nje, fungua milango, zima moteri, mtoe nje. Kama hapumui, mpulizie. Dispansere useme kwanza kabisa: «Moteri ilikuwa inatumika.» Sema hata kama hatukuulizi. Na kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa saa ileile, bila homa, usitufiche habari ya moteri au jiko la makala.

Ile Datsun tuliipima Jumapili iliyofuata, chini ya muembe. Wavivu walikuwa 4, 5 na 6, buji zao nyeusi kama masizi. Kamba ya sitarteri, ile unayovuta asubuhi ili moteri iamke na esansi nyingi, ilikuwa imekwama kwa kutu upande wa kabureta ya nyuma. Kila siku ilibaki imevutwa nusu. Tone la mafuta, dakika 5, na ralanti ikatulia. Visi alivyozungusha siku ile vilitugharimu mchana mzima kuvirudisha.