Mbona Hewa Chafu Haitoki Sawa Kila Mahali?

Chochote kinachoungua, kiwe kuni, makaa, dizeli au mafuta ya taa, hutoa gesi ya kaboni dioksaidi. Gesi hii ikizidi angani huzuia joto kutoka, nayo dunia ikazidi kupata joto. Lakini je, msomaji, kila mahali hutoa kiasi sawa? La, hasha.

Kwa wastani, Mkenya mmoja hutoa chini ya nusu tani kwa mwaka kutokana na mafuta na makaa ya mawe. Mmarekani hutoa karibu tani 14. Tofauti hii huletwa hasa na mambo matatu.

Kwanza ni matumizi. Penye magari, viwanda na mashine za kupoza nyumba, gesi huwa nyingi hata watu wakiwa wachache.

Pili ni chanzo cha umeme. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Marsabit. Afrika Kusini hutegemea makaa ya mawe, kwa hivyo balbu ileile huko huchafua hewa zaidi.

Tatu ni ardhi. Mti unaokua hufyonza gesi hii. Ukikatwa na kuchomwa, huirudisha hewani.

Sasa tazama Miasenyi, kati ya Mombasa na Voi. Malori ya mizigo hupita usiku na mchana, mengine yakienda Uganda. Tangu 2017 hupita pia treni ya reli ya kisasa inayotumia dizeli. Anayepima moshi wa hapo atadhani wenyeji ni wachafuzi wakubwa, kumbe mizigo mingi ni ya watu wa mbali. Hata hivyo, ukame wa 2020 hadi 2023 ulipokausha malisho ya Taita Taveta, ni wenyeji walioumia.

Lililo mikononi mwa wenyeji ni miti. Katika tanuri la kienyeji la udongo, kilo 100 za kuni hutoa takriban kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Nyingine huishia kuwa moshi, gesi na majivu. Jirani hapo, mradi wa kuhifadhi msitu wa Kasigau ulikuwa wa kwanza duniani, mwaka 2011, kupata hati za kuuza hewa ya kaboni iliyookolewa kwa kutokata miti.

Afya yako nayo? Usichanganye gesi mbili. Kaboni dioksaidi ya angani hudhuru polepole, kupitia joto na ukame. Kaboni monoksaidi, itokayo kwenye jiko la makaa, haina rangi wala harufu, na huweza kuua watu waliolala chumba kilichofungwa. Moshi wa kuni nao huongeza hatari ya nimonia kwa watoto na maradhi ya mapafu kwa akina mama wapikao.

Kwa hivyo:

- Usilale na jiko la makaa ndani, hata likionekana limezima.
- Pikia penye dirisha wazi au nje, na mtoto asikae karibu na moshi.
- Tumia jiko linalookoa makaa, na kausha kuni vizuri kabla ya kuziwasha.
- Ukiumwa kichwa au kuhisi kizunguzungu karibu na jiko, toka nje upesi, kisha nenda hospitali.

Moshi wa barabarani hauwezi kuuzuia peke yako. Wa jikoni kwako unaweza kuupunguza leo.