Dirii za Warumi: Aina Tatu na Majina Yake

Neno "dirii" limetoka katika Kiarabu, na wasomaji wa Biblia wanalifahamu tangu zamani. Latosha pale mfasiri anapotaja vazi la vita kwa jumla. Katika historia ya jeshi la Kirumi halitoshi, kwa kuwa askari wale walivaa dirii za aina tatu, na ubora wa kila moja ulitokana na jinsi ilivyoundwa. Twapendekeza basi kwamba muundo ndio utoe jina.

Ya kwanza, lorica hamata, tuiite dirii ya pete. Ilifumwa kwa maelfu ya pete ndogo za chuma, kila pete ikishikana na nyingine nne. Ilifuata mwendo wa mwili, na ilipotoboka fundi alitia pete mpya. Lakini kuifuma kulichukua muda mrefu, uzito wake uliyaelemea mabega, na pigo zito liliweza kuvunja mfupa bila kuikata dirii yenyewe.

Ya pili, lorica squamata, ni dirii ya magamba: vipande vya shaba au chuma vilivyopangwa kama magamba ya samaki. Ilizuia vema pigo litokalo juu. Ncha iliyochomwa kutoka chini iliweza kupenya.

Ya tatu ni lorica segmentata. Jina hili si la Warumi wenyewe. Lilibuniwa na wataalamu wa karne ya 16, kwa hiyo halitufungi. Ilikuwa mapande ya chuma yaliyolaliana kuzunguka kiwiliwili, yakishikwa kwa kanda za ngozi upande wa ndani. Kwa kuwa yalifuatana kama pingili za muwa, "dirii ya pingili" yafaa. Ilikinga mabega kuliko zote, nayo ilikuwa nyepesi, yapata kilo 9. Hata hivyo bawaba na vifungo vyake vilivunjika upesi, kama mabaki yaliyofukuliwa Corbridge, kaskazini ya Uingereza, mwaka 1964 yanavyoshuhudia.

Dirii ya pingili ilianza mwishoni mwa karne ya 1 kabla ya Kristo, ikaachwa kiasi cha miaka 300 baadaye; ya pete, iliyoitangulia, ikaendelea. Mwanafunzi anayesoma "dirii" tupu kila mahali hawezi kujua hata kwamba kulikuwa na jambo la kuulizwa. Akiyapata majina matatu, ataona kwamba kilicho rahisi kutengenezwa upya chaweza kudumu kuliko kilicho imara.

Neno "deraya" tuliachie magari ya kivita, ambako limekwisha zoeleka.