Ukitaka Mbwa Mlinzi wa Ukoo Safi

Ndugu mkulima, ukitaka mtoto wa mbwa wa jamii ya German Shepherd alinde ng'ombe na ghala lako, usimnunue barabarani wala sokoni kutoka ndani ya katoni. Nenda nyumbani kwa mfugaji mwenyewe, ukamwone mama yao akiwa pamoja nao. Mama akiwa mwoga, au amekonda hata mbavu zinahesabika, au ukiambiwa kwamba "yuko kwingine", rudi nyumbani na fedha zako.

Mbwa wengi wa jamii hii hupata ubovu wa kiungo cha nyonga, ambao mara nyingi hurithiwa kutoka kwa wazazi. Mtoto wa wiki 8 hauonyeshi, lakini akikua huanza kuchechemea, na mbwa asiyeweza kukimbia atamfukuza mwizi gani? Kwa hiyo uliza kama nyonga za baba na mama zilipigwa picha ya eksirei. Mfugaji mwema hakasiriki akiulizwa. Yeye naye atakuuliza mbwa atalala wapi na atakula nini.

Usimchukue kabla ya wiki 8. Dai kadi ya chanjo yenye sahihi ya daktari wa mifugo, pamoja na hati ya ukoo, ambayo katika Kenya hutolewa na East Africa Kennel Club, Nairobi. Lakini hati huonyesha ukoo tu. Haisemi kwamba mbwa ni mzima. Akifikisha miezi 3, mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa, na tena kila mwaka.