Siku ya kuzaliwa bila ukumbi

Kutimiza miaka 40 jijini Dar es Salaam siku hizi kunakaribia kuwa harusi ya pili. Grupu la WhatsApp linafunguliwa, kamati inapatikana, ukumbi unalipiwa, sare zinashonwa. Mwenye siku yake anasimama hadi usiku wa manane akipokea zawadi kutoka kwa watu ambao wengine hakuwaalika yeye. Kesho yake anaamka amechoka, na mpambaji bado anadai.

Ndiyo maana nilifurahi sana rafiki yetu mmoja alipomwambia mumewe kwamba hataki ukumbi. Alitaka baridi, usingizi, na watu wachache anaoweza kukaa nao hata bila kuongea. Mume akatupigia simu, tukachanga mafuta ya gari na vyumba, watoto wakaachwa kwa bibi yao. Ijumaa alfajiri tukashika njia ya Lushoto.

Barabara inapita Segera na Korogwe. Pale Mombo unaiacha njia kuu ya Moshi na kuanza kuupanda mlima, kilomita 33 hivi za kona, mwamba upande huu na bonde upande ule. Kila mkipanda, joto linapungua. Maporomoko ya Soni yako karibu na barabara, na inafaa kusimama hapo mnyooshe miguu. Dereva mgeni apande mchana. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, utelezi si wa kufanyia mzaha.

Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, wakawa wanapanda huko kukimbia joto la chini. Wakazi wa Dar tunakula kabichi, karoti na viazi vya milima hii mwaka mzima, ila wengi wetu hatujawahi kuliona shamba linakotoka hata fungu moja.

Usiku ule wa Ijumaa, tulipokwisha kufika, mmoja wetu aliuliza, "Shemeji, kesho tunatoka saa ngapi?" Mume akajibu, "Kesho hakuna saa. Akiamka, ndipo tutakunywa chai." Kwangu hiyo ndiyo zawadi kubwa aliyompa mkewe. Hakumpangia burudani, alimlindia muda wake.

Aliamka jua limeshapanda. Tukatembea taratibu kwenda Irente kwa njia za mashambani, tukisalimiana na wenyeji wa Kisambaa waliokuwa wakishuka na mizigo ya mboga. Pale kileleni ardhi inakatika ghafla. Chini kabisa unaiona Mazinde na mashamba ya mkonge, na mbele yake nyika inayokwenda hadi macho yashindwe. Mwenye siku yake alikaa kwenye jiwe, akamwegemea mumewe, na kwa muda mrefu hakuna aliyetoa simu.

Chakula cha mchana tulikula kwenye shamba la Irente, lililo chini ya Kanisa la Kilutheri: mkate, jibini na jemu vinavyotengenezwa papo hapo, pamoja na mboga za bustanini. Jioni tukawasha moto. Keki ilikuwa ndogo, akamlisha mumewe kwanza, kisha sisi. Hakuna aliyemmwagia maji, maana baridi ya Julai huko haivumiliki ukiwa umelowa. Kila mtu akasema neno lake akiwa ameketi, na maneno yale yalikuwa mazito kuliko hotuba yoyote niliyoisikia kwenye kipaza sauti.

Jumapili wapendao kutembea waliingia na mwongozaji katika msitu wa Magamba kutafuta mbega. Wengine tulikwenda sokoni kununua peasi na karoti za nyumbani, kisha tukateremka mapema ili giza lisitukute kwenye kona.

Kundi dogo ndilo lililoufanya mwisho ule wa wiki uwe mzuri. Wakizidi wanane, watu wanaanza kusubiriana na wengine kununa. Na gharama zielezwe wazi kabla ya safari, kila mmoja ajue anatoa nini, ili mwenye siku yake asiombwe hata shilingi akiwa mlimani.

Basi wewe ambaye mwenza wako anakaribia siku yake, kabla hujafungua grupu la michango, muulize mwenyewe anataka nini. Akisema kupumzika, mwamini. Weka chumba mapema, na msisahau masweta.